Mtu Aliyeitwa kwa Namba

Vijana wa leo hawasomi hadithi vitabuni tu, huzicheza pia katika kompyuta. Iko moja inayostahili kupimwa kama tunavyopima kitabu: Assassin's Creed, iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kifaransa Ubisoft, kwa kazi ya mafundi wake wa Montréal, nchi ya Kanada.

Hadithi ni hii. Kampuni ya kubuniwa, Abstergo, ina mashini iitwayo Animus. Mtu hulazwa humo, akaishi tena maisha ya mababu zake, kana kwamba kumbukumbu zao zimefichwa katika damu yake. Desmond Miles ni mjaribiwa wa 17, mfungwa. Mwishoni anaona ukuta na sakafu ya chumba chake vimejaa maandiko ya damu. Ndiyo maneno ya mjaribiwa wa 16 aliyemtangulia. Huyo alikawizwa mno katika mashini, hata asiweze tena kupambanua siku zake na siku za mababu, akaishia kujiua.

Elimu haifundishi hivyo. Twarithi kimo na rangi ya macho, wala si kumbukumbu za vita alivyopigana babu. Lakini mfano si somo la elimu. Tuulize tu: je, wasema kweli juu ya mtu?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Kwanza, hakuna msimulizi wa kutueleza uchungu ule. Twausoma ukutani, kama asomaye barua ya marehemu. Pili, lawama haikutupwa upande mmoja. The Lost Archive, nyongeza ya mwaka 2012, inatuonyesha mtu mwenye jina, Clay Kaczmarek, kijana mwenye kiu ya kusifiwa na baba yake. Wenzake, chama cha Assassins, ndio waliomtuma kuipeleleza Abstergo. Na Lucy Stillman, aliyepaswa kumwokoa, akamwacha. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Basi kosa li wapi? Ni katika mchezo wa pili, wa mwaka 2009. Humo Desmond analazwa tena mashinini, safari hii kwa rafiki zake, kusudi ule mchanganyiko wa kumbukumbu umfundishe upesi kupanda kuta na kupigana kama babu yake Ezio. Sumu iliyomwua wa 16 imekuwa shule ya wa 17! Ni kweli, naye aanza kuona mizuka. Lakini mchezo hauna subira ya kukaa na hofu hiyo. Unatuita mbio kwenye mapaa ya Florence, nasi twafurahi, kwa maana mashini iliyomharibu Clay ndiyo inayotupa starehe.

Mwandishi aliyeonyesha damu ukutani angalitudai zaidi. Wewe kijana uchezaye, ufikapo chumbani mle, usiharakishe kutoka. Soma kwanza, ukikumbuka kwamba aliyeandika alikuwa na jina.