Hassan Fathy alijenga nyumba ya udongo vizuri, lakini maji nani anabeba?

Bandugu wasomaji, leo nazungumzia kitabu ambacho kila mmoja wetu anayeweka dola moja moja juu ya parseli angekisoma kabla ya kuita fundi masoni. Kwa Kifaransa kinaitwa Construire avec le peuple, kilitoka Paris mwaka 1970. Wale wanaosoma Kiingereza wanakijua kwa jina la Architecture for the Poor, toleo la Chicago la 1973. Mwandishi ni Hassan Fathy, arshitekte wa Misri, aliyezaliwa 1900 na kufa 1989.

Mimi si arshitekte. Niko na lisansi ya agronomi, na ninaishi Nyangezi, kwenye barabara ile inayotoka Bukavu kwenda Kamanyola. Nimekisoma kama mtu wa shamba anavyosoma: nyumba ni sehemu ya shamba. Kuna vitu vinaingia (maji, kuni, mavuno), kuna vitu vinatoka (majivu, maganda, samadi), na kuna mtu anabeba. Kwa macho hayo, naona Fathy ana haki kubwa juu ya nani ajenge, ana haki nusu juu ya kitu cha kujengea, na juu ya nani anabeba, hapo alipotea. Nitaeleza moja kwa moja.

Kwanza historia yake. Ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mbele ya mji wa Luxor, kulikuwa kijiji cha Gourna. Watu waliishi juu kabisa ya makaburi ya zamani ya Misri, na wengi walipata chakula kutokana na makaburi hayo: wengine kwa kuongoza watalii, wengine kwa kuchimba na kuuza vitu vya kale. Serikali ikaamua wahamishwe, watu kama 7,000. Mwaka 1945 Fathy akapewa kazi ya kujenga kijiji kipya. Akajenga msikiti, soko, shule, tiatro, na sehemu ya nyumba. Baada ya miaka kama mitatu kazi ikasimama. Wenyeji walikataa kuhama. Kitabu ni maelezo yake ya ile kazi, na ndani yake anasema mawazo yake yote juu ya nyumba na maisha ya nyumbani.

Tuanze na pale alipo na haki. Fathy anasema zamani nyumba ilitoka kwa watu watatu waliokaa pamoja: mwenye nyumba, fundi, na arshitekte. Leo mwenye nyumba ametolewa. Analetewa plan, analipa, ananyamaza. Yeye alikataa kupanga nyumba za maskini katika mistari kama masanduku yanayofanana. Alitaka kila jamaa ipate nyumba yake kufuatana na watu wake na mifugo yake. Hapa kwetu jambo hilo tunalijua. Angalia nyumba zinazopanda kando ya barabara, kutoka Bukavu mpaka huku: saloni ileile, barza ileile yenye nguzo mbili, madirisha yaleyale. Plan imetoka kwenye simu ya mtu aliyeiona kwa mtu. Hakuna aliyeuliza mama wa nyumba anaamka saa ngapi na anapita wapi.

Ana haki pia juu ya mikono. Misri mbao ni ghali, kwa hiyo paa ndilo lilimshinda maskini. Fathy akaenda Aswan, akakuta mafundi Wanubi wanaojenga paa la mviringo kwa matofali mabichi bila kuweka mbao chini ya kulishikilia. Wanachora umbo kwenye ukuta wa mwisho, wanaegemeza tofali la kwanza hapo, la pili juu ya la kwanza, mpaka chumba kifunikwe. Akawaleta Gourna wafundishe vijana. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu bora ya kitabu: msomi wa chuo kikuu anakwenda kuuliza fundi asiye na diplome, kisha anaandika wazi kwamba alifundishwa. Sisi wenye diplome tuna la kujifunza hapo.

Sasa udongo. Vijana wengi wakimaliza kusoma Fathy wanatoka na moto: turudi kwa udongo, simenti ni ukoloni! Polepole, bandugu. Luxor karibu hakuna mvua. Hapa mvua inaanza mwezi wa tisa na inaendelea mpaka mwezi wa tano, na ikinyesha kwa upepo inapiga ukuta, si paa peke yake. Tofali bichi bila msingi wa mawe na bila paa linalotoka nje vya kutosha, misimu michache tu na ukuta unaanza kula chini kama meno mabovu. Bababu zetu Bashi walijua: nyumba yao ya zamani ya mviringo ilikuwa na majani yanayoshuka karibu kugusa chini. Udongo na miti vilikuwa ndani, mvua ilibaki nje.

Kuna pia tetemeko. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008, Bukavu na Cyangugu zilitikiswa na tetemeko la karibu 6, na kuta nyingi zilianguka. Paa zito la matofali lisilo na mbao wala chuma, juu ya kichwa cha mtoto aliyelala, hapa Kivu sitalikubali hata kama ni zuri namna gani. Anayetaka kuchukua kuba la Gourna na kulipanda Walungu amesoma picha, hakusoma kitabu. Fathy mwenyewe anafundisha kuanza na mahali ulipo.

Lakini msifurahi haraka, ninyi wa matofali ya kuchoma. Tofali la kuchoma tunaliita la kudumu, na kweli linadumu. Gharama yake iko mahali pengine. Tanuru linakula mikalitusi iliyokua miaka mingi, na mlima uliobaki uchi unatuletea udongo barabarani mvua ya kwanza. Ule udongo wa tofali tunauchimba wapi? Bondeni, mahali pazuri pa kulima wakati wa kiangazi. Shimo linabaki, linajaa maji, mbu wanazaa. Hapa Fathy anatushinda sana. Alifikiria shimo lake tangu mwanzo: alitaka ligeuke ziwa dogo la kijiji, na akatafuta namna ya kuzuia bilharzia ndani ya maji hayo. Misri yenyewe, mwaka 1983, ilitoa sheria ya kukataza watu kuondoa udongo wa juu wa mashamba, juu ya matofali yaliyokuwa yanakula ardhi ya kulima. Nchi inayolishwa na Nile iliogopa. Sisi tunaogopa nini?

Nafika kwenye maji. Hapo njo kitabu kiliniudhi.

Fathy alipenda wanawake wa kijiji waende kuchota pamoja. Anaandika kwamba ukiweka robine katika kila nyumba unamfungia msichana ndani. Njia ya maji ndiyo nafasi yake ya kutoka, kuongea na wenzake, kuonekana na kijana atakayemposa. Anasifu pia namna mwanamke anavyotembea wima na mtungi kichwani.

Ninaelewa anachosema. Kwenye chemchemi za kwetu pia habari zote zinapita, na ndoa kadhaa zilianzia huko. Lakini tuhesabu. Watu 7 nyumbani, kila mmoja litre 20 kwa siku, ambayo si nyingi: ni bidoni 7 za litre 20. Kila bidoni ni kilo 20. Kwa hiyo ni kilo 140 kila siku, zinapanda mlima wa Nyangezi juu ya mgongo wa mama na batoto wake wa kike, kabla ya masomo na baada ya masomo. Arshitekte amesimama chini ya mti anaona uzuri wa mwendo. Msichana anaona kilima. Kama tunataka wasichana watoke na waongee, tuwape njia ya kutoka isiyo na kilo 20.

Na jambo linaloniuma zaidi: suluhisho liko juu ya kichwa chetu. Millimetre moja ya mvua juu ya metre moja ya mraba ni litre moja. Paa la manjanja la metre 50 za mraba, mvua moja ya millimetre 20: ni litre 1,000, hata ukitoa zinazopotea bado unabaki na bidoni zaidi ya 40. Tunanunua manjanja, tunapaka rangi nyekundu ionekane kutoka barabarani, na mfereji wa kukusanya maji hatuweki. Maji yale yanaanguka chini, yanachimba msingi, yanateremka kwa jirani, na asubuhi mtoto anachukua bidoni.

Kwa nini Fathy hakuona? Jibu liko ndani ya kitabu, na namheshimu kwa kuliandika. Anakubali kwamba wanawake hakuweza kuwauliza, sababu desturi iliwaweka mbali na wageni wanaume, na anajuta, maana nyumba ni kazi yao zaidi ya waume. Aliongea na wazee na wakubwa wa jamaa. Soma sura za mambo ya nyumbani ukikumbuka hilo. Pale alipotazama kwa makini alipata vitu vizuri: aliona namna jamaa inavyolala karibu na jiko wakati wa baridi, akachukua wazo la jiko la Austria, Kachelofen, akalitengeneza kwa udongo kwa bei ndogo. Aliweka zizi ndani ya ua, mahali pake penye mlango wake, sababu alijua mkulima hawezi kulala mbali na ng'ombe wake. Hapa kwetu, ambako simbilisi wanalala jikoni kwa kuogopa wezi na baridi, na moshi unakula macho ya wapishi, angekuwa na kazi ya kufanya. Pale ambapo hakuweza kuuliza, alijaza nafasi kwa mashairi.

Jambo hili kwetu si la kitabu tu. Yaya wangu, anayefanya kazi mjini, anataka kuwajengea wazazi nyumba mpya. Ni moyo mzuri, na nyumba ya sasa inavuja. Plan iko tayari: vyumba 4, saloni kubwa, barza. Mahali alipochagua ni ndani ya migomba, sababu panaonekana vizuri kutoka barabarani. Yeye ni mkubwa na pesa ni zake, kwa hiyo naongea kwa adabu. Lakini kila mtu wa agronomi anajua: migomba iliyo karibu na nyumba ndiyo udongo wenye mafuta kuliko yote ya mlima. Miaka na miaka ya majivu, maganda ya ndizi na samadi ya mbuzi viko pale chini. Huwezi kununua udongo huo. Unaweka simenti juu yake siku moja, kisha mwaka unaofuata unatafuta pesa ya engrais kwa shamba la mbali ambalo halizai. Papa alinyamaza. Mama aliangalia ile plan kwenye simu, akauliza: «Mwanangu, humu kwenye saloni mimi nitakaa saa ngapi?» Hakuna aliyejibu. Bado tunaongea.

Ndiyo maana nasema kitabu kisomwe, na kisomwe kwa mabishano. Gourna mpya, nyumba nyingi zimebomolewa na mahali pake wakaaji wamejenga za matofali ya kuchoma na béton. Wengi wanasema hiyo inaonyesha kwamba maskini hawapendi udongo. Mimi naona kitu kingine. Wale watu waliondolewa mahali pa chakula chao wakapewa nyumba nzuri. Nyumba nzuri mbali na chakula haishindi nyumba mbaya karibu na chakula. Wenyeji walisema pia kwamba paa la kuba linafanana na kaburi. Hilo lingeulizwa kwanza, lingejulikana kwanza.

Kwa hiyo, wewe uliye na parseli au unayejengea wazazi, chukua kwa Fathy mambo haya: keti na fundi, usiletewe plan iliyokufa; panga shimo la udongo kabla ya kuchimba; usione aibu ya zizi. Acha kuba lake Misri. Na ongeza yale asiyoweza: msingi wa mawe, paa linalotoka nje, mfereji wa maji na pipa chini yake, jiko lenye njia ya moshi, migomba ibaki. Mwenye pesa kidogo aanze na mfereji kabla ya rangi.

Na kabla ya kupima parseli kwa kamba, fuata mama siku moja tangu saa kumi na moja asubuhi, uhesabu ni mara ngapi anapita na mzigo. Hesabu hiyo iandikwe kwenye plan kabla ya saloni.