Lafudhi Badala ya Rangi: Hadhira ya Muziki wa Kufokafoka Kambini Dzaleka

Mjadala wa muziki wa kufokafoka katika madarasa ya fasihi huishia mara nyingi mahali pamoja. Mwanafunzi huulizwa kwa nini wimbo fulani unawagusa vijana, naye hujibu kwamba msanii ameyasema maisha yao. Mwalimu huweka alama ya vema na kipindi huendelea. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Halielezi kwa nini vijana wa Dar es Salaam na Nairobi walimpenda Tupac Shakur hata pale walipokuwa hawakielewi Kiingereza chake. Wala halielezi kwa nini maneno yaleyale humchoma mmoja yakampita mwenzake aliyesimama naye bega kwa bega.

Katika makala haya tunakusudia kulijadili suala hilo kwa kutazama hadhira moja, ile ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi. Hoja yetu ni kwamba nyimbo za kufoka zinazohusu rangi na utambulisho hazimwingii msikilizaji kwa ujumbe peke yake. Humwingia kupitia kile ambacho mahali anapoishi kinamtenga na wengine. Marekani kitu hicho ni rangi ya ngozi. Dzaleka ni namna ya kusema. Hoja hii inatuhusu sana sisi walimu wa lugha, kwa sababu namna ya kusema ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Kwanza mahali penyewe. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, chini ya kilomita 50 kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Kamuzu Banda palikuwa gereza lililofungia wapinzani wa kisiasa, na mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, lakini kufikia mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 50,000. Walio wengi ni Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, na wamo pia Wasomali na Wahabeshi. Kiswahili cha Kongo ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha watu hao.

Baadhi ya mitaa ya kambi imepewa majina ya Malawi yenyewe: Zomba, Blantyre, Kawale, Likuni. Kwa hiyo kuna Likuni mbili. Moja iko pembezoni mwa jiji la Lilongwe, penye misheni ya Kikatoliki na hospitali yake. Ya pili iko kambini. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hapo mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea, na sera yake ni kwamba mkimbizi akae kambini. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na Mei mwaka huohuo polisi walianza kuwakusanya kutoka Lilongwe. Hivyo basi, mtu anaweza kuwa mkazi wa Likuni ya kambini na asiruhusiwe kuwa mkazi wa Likuni ya mjini.

Sasa tuurudie muziki. Kufoka kulizaliwa Bronx, New York, katika miaka ya 1970, miongoni mwa watu ambao mpaka wao na wengine ulionekana kwa macho. Kundi la Public Enemy lilipoimba juu ya watu weusi mwishoni mwa miaka ya 1980, msikilizaji hakuhitaji maelezo ya nani anasemwa. Sanaa hiyo ilipofika Afrika Mashariki, mpaka huo ulilazimika kutafutiwa mbadala. Vijana wa Dandora, Nairobi, waliojiita Ukoo Flani Mau Mau waliuchukua kutoka katika historia ya vita vya kudai ardhi na uhuru. Jina lao lilimwambia msikilizaji upande wake ni upi hata kabla ya ubeti wa kwanza.

Dzaleka mbadala huo ni wa namna nyingine. Askari ni mweusi, jirani mwenyeji ni mweusi, mkimbizi ni mweusi. Sheria ya Uraia ya Malawi ya mwaka 1966 ilipotungwa, ilimtaka anayezaliwa nchini awe na mzazi aliye raia na aliye wa asili ya Kiafrika. Mtoto wa Kirundi au wa Kikongo aliyezaliwa Dzaleka mzazi wake ana asili hiyo kwa ukamilifu. Uraia ndio hana. Kwa mtoto huyo rangi haikufungua mlango, na wala haikuwa sababu ya mlango kufungwa. Anayemsikiliza Mmarekani akifoka juu ya weusi huupokea uchungu, huikubali hasira, lakini moyoni hubadilisha kitu kimoja. Panapotajwa ngozi, yeye huweka ulimi. Barabarani Lilongwe sura haimtofautishi na mwenyeji. Akifungua kinywa anajulikana.

Lugha za majirani zimeukazia mpaka huu, na hapa wanafunzi wa isimu wana la kujifunza. Mitaani Malawi watu wa Maziwa Makuu, wawe Warundi au wasiwe, wamezoea kuitwa "Maburundi". Tazama kiambishi. Kichewa kina njia ya kawaida ya kuunda wingi wa watu, lakini hapa kimetumika kiambishi cha ngeli ya vitu vingi. Afrika Kusini nako wageni kutoka nchi nyingine za Afrika huitwa "makwerekwere". Kiswahili chetu hakijasalimika: tuna makaburu, manamba na makuli. Kiambishi kidogo tu, na mtu amehamishwa kutoka ngeli ya watu.

Neno rasmi nalo lina mtego wake. Kwa Kichewa wakimbizi ni "othawa kwawo", yaani waliokimbia kwao, na kwa Kiswahili mkimbizi ni nomino inayotokana na kukimbia. Lakini aliyezaliwa Dzaleka mwaka 2000 hakumkimbia mtu yeyote. Amebebeshwa jina la tendo la wazazi wake. Ukimwambia kwamba mwacha asili ni mtumwa, atakuuliza asili ipi aliyoiacha, na wewe huna jibu la haraka.

Katika hali hiyo, fanani anayepanda jukwaani na kufoka kwa Kiswahili cha Kongo anafanya jambo kubwa kuliko maudhui ya wimbo wake. Anakipaza kwa kipaza sauti kile ambacho mtu asiyetaka kujulikana mjini hukificha. Hata kama wimbo ni wa mapenzi, sauti yenyewe imekwisha kusema: sisi ndio hawa. Kwa maoni yetu, hapo ndipo msikilizaji anaposhikwa, kabla hajaupima ujumbe.

Kuna ushahidi ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili sanifu husema "watu". Mashariki ya Kongo husikika "batu", na Lubumbashi "bantu". Mrundi na Mnyarwanda husema "abantu". Mchewa husema "anthu". Ukiyapanga maneno haya kwa safu, umbo la Kikongo limesimama katikati ya hadhira, na umbo sanifu limesimama pembeni. Ni vivyo hivyo kwa mahali. Sisi tunasema "sokoni". Mkongo husema "ku soko", naye Mchewa husema "ku msika". Kwa hiyo fanani anayesema "batu" na "ku soko" hakosei njia ya kuifikia hadhira yake. Amechagua, kwa kujua au kwa mazoea, umbo lenye milango mingi zaidi.

Kiambishi hichohicho ba- kimo katika jina la Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji. Kwa Kiswahili chetu jina hilo ni walozi. Ubelgiji linambainisha mtu ambaye rangi yake imekwisha kumbainisha. Lingepelekwa Dzaleka, jina hilo lisingeshangaza rangi ya mtu yeyote, ila lingetaja mara moja upande alikotoka. Jina ni moja, mipaka ni miwili.

Msanii anayejulikana zaidi kutokana na Dzaleka ni Menes la Plume, ambaye jina lake halisi ni Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mfokaji kutoka Kongo aliyeingia Malawi mwaka 2008. Jina lake la kisanii linastahili kusomwa kama tunavyosoma lakabu za malenga wa zamani. Menes ni farao anayesimuliwa kuwa aliunganisha Misri ya juu na ya chini. "La plume" kwa Kifaransa ni unyoya, na pia kalamu. Humo kuna ufalme, kuna Afrika, kuna uandishi, ukimbizi haumo. Mwaka 2014 alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya kambi, ambalo huwakutanisha jukwaani wakimbizi na wasanii wa Malawi, na baadhi ya wageni hulala katika nyumba za wakazi. Tunalisifu tamasha hili kwa jambo moja ambalo halisemwi sana: limewafanya maelfu ya Wamalawi walitamke neno la Kiswahili, tumaini, kwa hiari yao na kwa furaha.

Hata hivyo mhakiki hapaswi kusifu tu. Hadhira ya tamasha si moja. Yupo mgeni aliyekuja kumsikiliza mkimbizi, yupo mzee aliyekimbia kweli, na yupo kijana aliyezaliwa humo. Wote watatu wanaweza kutokwa machozi katika wimbo mmoja, lakini si kwa sababu moja. Mgeni humlilia mwingine. Mzee hujililia. Kijana huweza kukasirika kwamba analiliwa. Msanii anayemtungia mgeni peke yake huishia kurudia picha moja: hema, njaa, vita, mkono ulionyooshwa. Wimbo wa namna hiyo huchuma makofi, lakini humrudishia kijana lile jina alilokuja kulivua.

Hatari hii si ya Dzaleka tu. Kundi la X Plastaz la Arusha lilitoa mwaka 2004 albamu iliyoitwa Maasai Hip Hop, iliyotolewa Ujerumani, ikiunganisha mashairi ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai. Kazi yenyewe ilikuwa na mengi juu ya maisha ya mjini na umaskini. Lakini msikilizaji wa Ulaya asiyejua Kiswahili alikuwa na vazi jekundu la kushikilia, na vazi halihitaji mkalimani. Hisia inayopitia macho haiulizi mtu anasema nini. Inayopitia masikio hulazimika kuuliza.

Huenda msomaji akapinga: mbona Mmalawi asiyejua Kiswahili hucheza na kufurahi vilevile? Ni kweli, mdundo huuchukua mwili wa kila mtu, na kiitikio kifupi hushikwa na yeyote. Hatusemi kwamba anayekosa lugha hakosi kuguswa, wala kwamba mguso wake ni wa bandia. Tunasema kwamba kuchangamka ni jambo moja na kujitambua ni jingine. Mgeni hujiunga na wimbo. Mwenye lafudhi ile hujikuta tayari yumo ndani yake.

Tufikie sasa linalotuhusu zaidi. Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne. Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa mgeni wa sherehe za uhuru wa Malawi, Rais Lazarus Chakwera alitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule za nchi yake. Tulilifurahia tangazo hilo sote. Lakini linganisha tarehe. Mei wasemaji wa Kiswahili walikuwa wakikusanywa kutoka Lilongwe. Julai lugha yao ilikaribishwa shuleni. Lugha ilipewa kibali kabla ya wenyewe.

Kosa hilo linaweza kurudiwa darasani kwa wino mwekundu. Mwanafunzi wa Kikongo anapoandika "batu banaimba", mwalimu hukata, huandika "watu wanaimba", na hupunguza alama. Kwa kanuni za mtihani wa Kiswahili sanifu mwalimu yuko sahihi, na mwanafunzi anastahili kufundishwa sanifu kikamilifu, kwa kuwa ndiyo itakayompa cheti na kazi. Lakini akikatiwa neno bila maelezo, atakachosikia ni kile alichokisikia barabarani: kwamba ulimi wake umemfichua. Atanyamaza darasani, kisha atakwenda kusema jukwaani, mahali ambapo mwalimu hayupo.

Tunapendekeza basi mambo mawili. La kwanza, somo la lahaja lisiishie Kiunguja, Kimvita na Kiamu. Kiswahili cha Kongo kiingie, na mashairi ya kufoka yawe matini ya kukifundishia. Mwanafunzi apangiwe ubeti wa lahaja yake na auandike upya kwa sanifu, kisha aeleze kwa maandishi kilichopatikana na kilichopotea. La pili, katika uhakiki wa nyimbo hizi tusiridhike na swali la "msanii anasema nini?" Tuulize pia anamsemea nani, kwa lafudhi ipi, na ni nani katika hadhira anayeisikia lafudhi hiyo kama yake. Mwanafunzi atakayeyajibu maswali hayo kwa mifano amekwisha kufanya uhakiki. Alama ya vema hapo itakuwa halali yake.