Mwanga Usiombagua Mtu

Mtu mweusi, kavaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa saa saba mchana. Mkabidhi kamera asiyeijua kazi, naye atakuletea moja kati ya picha mbili. Katika ya kwanza, kanzu imetoka safi hadi uzi wa darizi kwenye kaba, ila juu yake pana duara la giza lisilo na macho. Katika ya pili uso umeonekana, lakini kanzu imeungua, haina mkunjo wala mshono. Wapiga picha wa pwani yetu hukutana na mtihani huu kila sikukuu na kila harusi, na walio mafundi kweli wameufaulu kwa miaka mingi bila mtu kuwaambia ahsante. Mimi nataka kuwashukuru, kwa sababu naamini kwamba ndani ya ustadi huo mdogo wa kupima mwanga mna suala zima la nani anaonekana katika dunia hii na nani hufichwa.

Kamera haimjui mtu. Inachopima ni mwanga unaorudi kutoka kwa vitu vilivyo mbele yake, na imetengenezwa idhani kwamba vitu hivyo vyote, vikichanganywa, vinafikia rangi ya kijivu cha wastani. Ikiona ukuta mweupe na kanzu nyeupe, huamua kwamba mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso ukazama gizani. Fundi halali usingizi hapo. Humsogelea mtu, akapima mwanga kwenye shavu, akarudi nyuma na kuifungua lenzi kidogo, si sana, kwa kuwa kanzu nayo ina haki yake. Au humtoa juani kabisa akamweka barazani, kivulini, mahali ambapo mwanga unaingia kwa upande mmoja. Ngozi nyeusi hujieleza kwa mng'ao: kwenye mfupa wa shavu, juu ya pua, pembeni mwa paji la uso. Mwanga mpana wa pembeni huyachora hayo yote. Flashi ya kumpiga mtu usoni huyafuta, ikabakiza doa jeupe kwenye paji na kivuli kizito ukutani.

Huko Tanga niliwahi kumtazama mpiga picha wa harusi akiwa na bibi wa bwana harusi, mama mzee mweusi sana, kajitanda mtandio mweupe. Wageni walikuwa wanasubiri, pilau imeshapakuliwa, na kijana wa video anapiga kelele watu wajipange. Yeye hakuharakishwa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." "Bibi, naomba ugeukie dirishani kidogo. Nayataka macho yako." Bibi akacheka, akauliza macho ya kizee ni ya nini. Fundi akamwomba binti mmoja achutame akiwa ameshika shuka jeupe chini, usawa wa magoti ya bibi, ili mwanga wa dirisha urudi juu uingie chini ya kidevu na kwenye mashimo ya macho. Akapiga mara mbili tu. Nilioneshwa picha ile baadaye: mikunjo ya uso inahesabika, macho yana nuru ndani yake, na mtandio unaonekana uzi kwa uzi. Katika albamu nyingi za harusi, bibi wa aina ile ni kivuli kilichokaa pembeni ya keki.

Ugumu huu haukuletwa na maumbile peke yake. Filamu za rangi zilizotawala soko la dunia kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 zilitengenezwa na kupimwa kwa ngozi nyeupe. Katika maabara za kusafishia picha, kampuni ya Kodak ilisambaza kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, naye fundi wa maabara alirekebisha rangi mpaka ngozi ya mwanamke huyo itoke sawasawa. Wa kwanza aliitwa Shirley, na jina hilo likabaki hata walipopigwa wanawake wengine. Wateja wote waliobaki walisafishiwa picha zao kwa kipimo cha Shirley. Ndiyo maana katika picha za shule zenye watoto mchanganyiko, mtoto mweupe alitoka na madoadoa ya pua yake, na mwenzake mweusi akaonekana meno na macho tu. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyeifuatilia historia hii, ameeleza kwamba msukumo mmoja mkubwa wa kuirekebisha filamu ulitoka kwa watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao hawakuweza kuonesha tofauti ya mbao na mbao, au ya chokoleti chungu na ile ya maziwa. Jambo hili bado linaniuma. Meza na pipi zilipata mtetezi mwenye nguvu kabla ya uso wa mtoto.

Na isidhaniwe kwamba uwezo haukuwapo. Pale dola ilipotaka kumwona mtu mweusi vizuri ili imdhibiti, uwezo ulipatikana. Kampuni ya Polaroid ilikuwa na mtambo ulioitwa ID-2, uliotoa picha ya uso na ya ubavu kwenye karatasi moja kwa muda mfupi, na ulikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Nchini Afrika Kusini vifaa vya kampuni hiyo vilitumika kutengeneza picha za pasi, vile vitabu ambavyo Mwafrika alilazimika kutembea navyo, na akikutwa bila nacho akafungwa. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo mjini Cambridge, Massachusetts, mkemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, waligundua jambo hilo wakaanzisha kampeni ya kuisusia. Hunter alifukuzwa kazi. Kampuni ilijitoa Afrika Kusini mwaka 1977.

Katika nchi hiyo hiyo, miaka michache kabla ya kampeni hiyo, kulikuwa na kijana aliyetembea na kamera yake kaificha kwenye mfuko wa karatasi wa chakula. Ernest Cole alizaliwa mwaka 1940 karibu na Pretoria. Alifanya kazi kwenye jarida la Drum, na ili aweze kuzunguka alibadilisha jina lake kutoka Kole kuwa Cole, akafanikiwa kusajiliwa kama chotara na kuukwepa mzigo wa pasi. Alipiga treni zilizofurika watu hadi wananing'inia milangoni, akapiga watu waliofungwa pingu kwa kukosa kitabu, akapiga vyumba vya watumishi wa ndani na mabenchi yaliyoandikwa kwamba ni ya weupe tu. Picha yake inayojulikana zaidi ni ya wanaume walioletwa kufanya kazi migodini, wakiwa uchi, wamesimama kwa safu wakielekea ukutani, mikono juu, wakipimwa afya. Tunaiona migongo yao. Mimi huisoma kama heshima: aliuonesha uchi wao bila kuzitoa sura zao zitazamwe nao.

Ila picha ya Cole ninayoirudia mimi ni ya mwanafunzi. Mtoto wa kiume kachutama sakafuni katika darasa lililojaa, hakuna dawati, kamkazia macho mwalimu kwa bidii zote, na jasho linamtiririka shavuni. Fikiria kazi iliyofanyika pale. Chumba hafifu, ngozi nyeusi, mtoto asiyetulia, na kamera isiyotakiwa kuonekana. Na bado matone ya jasho yanaonekana waziwazi kwenye shavu lile. Angekosea kidogo tu mwanga, joto la darasa lingepotea, na pamoja nalo ushahidi wote juu ya elimu ya kibaguzi. Watu husema picha zile ni za ushujaa, na ni kweli, lakini ushujaa pekee haushiki jasho kwenye filamu. Cole aliikimbia nchi mwaka 1966, na mwaka uliofuata kitabu chake, House of Bondage, kikatoka New York na kupigwa marufuku kwao. Alifia New York Februari 1990, siku chache baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani, bila kurudi nyumbani. Mwaka 2017 familia yake ilikabidhiwa negativu zaidi ya 60,000 zilizokuwa zimehifadhiwa katika benki nchini Sweden.

Kuna namna nyingine ya kupambana, safari hii na tofauti za kitabaka, tulivu zaidi, nayo ni ile ya studio. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga kwa mwanga wa mchana uani, nyuma ya mteja kaning'iniza shuka la kitanda, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga kila mteja mara moja tu. Kwa hiyo ilimbidi aujue uso kabla ya kubonyeza. Studioni mwake palikuwa na suti, tai, saa za mkononi, kalamu, redio, hata pikipiki ndogo, na mteja aliyekuja na kanzu iliyochakaa aliweza kutoka na picha ya mtu wa mjini.

Sisi pia tunazijua studio hizo. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, akampiga picha Sultani na akawapiga pia watu wa kawaida wa Mji Mkongwe. Mombasa, Dar es Salaam, Kisumu na Bujumbura kila mtaa wenye biashara ulikuwa na chumba chenye pazia lililochorwa bustani au ndege, kitana kilichofungwa kamba, kioo, na koti moja la kuazima. Wapo wasomi wanaoziita picha hizo uongo, eti maskini alijidanganya kwa koti lisilo lake. Sikubaliani nao. Mtu aliyeshinda gatini akibeba magunia alikuwa na haki ya kusimama kwa dakika tano bila gunia. Na tena picha haikuuficha ukweli wote. Tazama mikono ya koti ilivyozidi hadi kwenye vidole. Tazama viatu, maana studio iliazima koti lakini mara nyingi haikuwa na kiatu cha kila mguu. Fundi aliyeacha miguu ionekane katika picha hakuwa anamdhalilisha mteja.

Linalonisikitisha ni majina. Kadi nyingi za posta zilizotoka Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20 zilimtaja Sultani na Balozi kwa jina na cheo, lakini mpagazi, mchuuzi wa maji na mwanamke aliyevaa kisutu wakapewa kabila au kazi tu. Hata Keïta mwenyewe yalimkuta. Picha zake zilipooneshwa New York mwaka 1991 zilitundikwa kama kazi za mpiga picha asiyejulikana, ilhali mwenyewe alikuwa hai, Bamako. Kinyume chake ni kazi ya mpiga picha Gordon Parks, ambaye mwaka 1942 alimpiga mama mmoja mfagizi wa ofisi za serikali Washington, kashika ufagio mbele ya bendera ya Marekani. Parks hakuishia hapo. Alimfuata kwa wiki kadhaa, nyumbani kwake, kwa wajukuu, kanisani. Ndiyo maana leo tunamjua kwa jina lake, Ella Watson, wakati viongozi wengi waliokalia ofisi alizozifagia wamesahaulika.

Mtu angedhani kamera za kidijiti zimemaliza habari hii. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti juu ya programu za kutambua jinsia ya mtu kwa sura yake: kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7. Shirley bado yupo, amehamia ndani ya kompyuta. Na sisi wenyewe tumemkaribisha. Ingia katika studio nyingi za mijini leo useme unataka picha ya pasipoti. Kijana atakupiga, atakaa kwenye kompyuta, na kabla hujauliza atakuwa amekufanya mweupe kuliko ulivyo. Wateja nao huomba: "Kaka, nitoe mweupe kidogo." Ni mkorogo ule ule, umebadilishiwa chupa. Simlaumu sana dada anayeomba hivyo, kwa sababu maisha yake yote picha zilizopigwa ovyo zimemwambia kwamba uso wake ni giza. Namlaumu fundi ambaye angeweza kumthibitishia kwa mwanga wa dirisha tu kwamba haikuwa kweli, akachagua njia ya mkato.

Kwa hiyo, wewe kijana uliyenunua kamera juzi na unatafuta kazi za harusi na mahafali, pima mwanga usoni kwanza, halafu ndipo uifikirie kanzu na gauni. Mtoe mtu juani. Achana na kitufe cha kung'arisha ngozi. Mpishi aliyeko uani mpige kwa umakini ule ule unaompigia mgeni rasmi, na umuulize jina lake uliandike. Nawe mwenye shughuli, usimpunje fundi wa namna hiyo ukamwambia kwamba mpwa wako ana simu nzuri. Kazi yake ina thamani, mlipe.