Katana Karisa Yupi? Jinsi Kilifi Inavyomtafuta Mtu Mmoja Kati ya Laki Mbili na Nusu

Mtoto wa Bofa akiletwa na homa hadi hospitali ya kaunti mjini Kilifi, daktari ana kazi yake na karani ana yake. Kazi ya karani yaonekana ndogo: kujua kama mtoto huyu ndiye yule aliyeandikwa nyumbani kwao miezi michache iliyopita, na katika watu zaidi ya laki mbili na nusu walio kwenye rejista, yeye ni yupi. Kwa mtu anayeandika programu, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika mfumo mzima. Naichambua hapa kwa sababu Kilifi imeifanya vizuri, na kwa sababu kila anayetengeneza orodha ya watu pwani hii, iwe ya zahanati, ya basari au ya chama cha wavuvi, lazima atakutana nayo.

Rejista yenyewe ilianzishwa mwaka 2000 na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, ambacho kimekuwapo Kilifi tangu 1989. Eneo lake ni kilomita za mraba 891, na lilichaguliwa kwa makusudi: ndiko wanakotoka wengi wa wagonjwa wanaolazwa katika hospitali hiyo. Utaratibu ulikuwa wahoji wapite nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, wajawazito, waliohamia, waliohama na waliofariki. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalitaja wakazi 260,000, na kwa mwaka mmoja watoto 4,400 na watu wazima 3,400 waliolazwa. Katika maelezo hayo kuna jambo moja ambalo mtaalamu wa kompyuta hapaswi kulipita haraka: mgonjwa hutafutwa kwenye rejista papo hapo, akiwa hospitalini. Mwaka 2008 utaratibu huo ukafikishwa kwenye kliniki za chanjo pia.

Majina yanayozunguka

Njia rahisi ya kuunganisha orodha mbili ni kuziacha zikae mpaka mwisho wa mwezi, kisha programu ilinganishe majina ofisini. Hapa kwetu njia hiyo huvunjika mapema.

Wagiriama, kama Wamijikenda wengine, humpa mtoto jina la babu au bibi, na jina la pili ni la baba. Mzee Katana Karisa akizaa mwana, aweza kumwita Karisa, naye ataandikwa Karisa Katana. Karisa akizaa, atamrudisha babu: mtoto ni Katana Karisa. Babu na mjukuu wana majina yaleyale mawili, kwa mpangilio uleule, na huenda wanalala katika mji mmoja, yaani boma moja. Mwenye mji akiwa na wake wawili, wana wawili wa baba mmoja wanaweza wote kurithi jina la babu, nao watatofautishwa na jina la mama tu.

Kisha mtu mmoja ana majina mengi. Kadzo wa nyumbani ni Esther shuleni, na akishajifungua ataitwa kwa jina la mtoto wake. Shujaa wa Wagiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914 alizaliwa Mnyazi wa Menza. Twamjua kama Mekatilili kwa sababu alikuwa mama yake Katilili. Programu inayolinganisha herufi ingewahesabu kuwa wanawake wawili.

Miaka nayo ina shida zake. Mtu mzima asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa 1 Januari, na wenye tarehe hiyo wakawa wengi kiasi kwamba haimtambulishi mtu tena.

Sikio lililofunzwa kwingine

Mwanafunzi wa kompyuta akipewa tatizo hili atakimbilia Soundex, kwa kuwa imo ndani ya hifadhidata nyingi, MySQL ikiwa mojawapo. Soundex ilitokana na hataza ya Mmarekani Robert Russell ya mwaka 1918. Huchukua herufi ya kwanza ya jina, hutupa vokali, kisha hugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu. Majina yanayosikika sawa yanatarajiwa kupata msimbo mmoja.

Tuijaribu kwa majina ya Kilifi. Kadzo hupata K320. Karani asiye na sauti ya dz katika lugha yake ataandika Kazo, na msimbo utakuwa K200: mtu mmoja amekuwa wawili. Kitsao, jina la kiume, hupata K320, sawasawa na Kadzo wa kike. Karisa ni K620, Kalisa ni K420. Sidi wa kike na Sudi wa kiume wote ni S300, kwa sababu tofauti yao iko kwenye vokali, na vokali zimetupwa. Yaani imetenganisha wanaofanana na kuwaunganisha wasiofanana.

Sababu si fumbo. Soundex ilitengenezwa kwa majina ya Marekani, ambako vokali huandikwa kwa namna nyingi huku konsonanti zikisimama imara. Majina ya Kimijikenda ni kinyume chake: vokali ni tano na husikika wazi, na kinachoyumba ni konsonanti chache zinazojulikana. Kwa hiyo msimbo wa kwetu hauhitaji hesabu kubwa:

1. Andika jina lote kwa herufi ndogo, ondoa nafasi na alama.
2. Geuza dz na j ziwe z.
3. Geuza ts na ch ziwe s.
4. Geuza l iwe r.
5. Vokali zote ziache mahali pake.

Kadzo, Kazo na Kajo wote wanakuwa kazo. Kitsao na Kisao wanakuwa kisao, mbali kabisa na kazo. Sidi na Sudi wanabaki watu wawili. Kalume na Karume wataangukia kapu moja, na hilo halina madhara mradi msimbo utumike kwa kazi moja tu: kuleta majina ya kuangaliwa. Kuamua nani ni nani ni hatua nyingine.

Kupima ushahidi

Hatua ya kuamua ina nadharia nzuri. Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter, watakwimu wa serikali ya Kanada, walionyesha kwamba kila sehemu ya rekodi ipewe uzito kwa kadiri inavyopunguza wanaoweza kuwa mtu huyo. Kufanana kwa jina adimu ni ushahidi mzito. Kufanana kwa jina la kila mtu ni mwepesi.

Tufanye hesabu kwa makadirio ya mfano. Tuseme mtu 1 kati ya 20 anaitwa Katana, na baba 1 kati ya 20 anaitwa Karisa. Jinsia hugawa watu kwa 2. Umri wa kukisia hubakisha 1 kati ya 10. Chukua 260,000, gawanya kwa 20, tena kwa 20, kwa 2, kisha kwa 10. Wanabaki 32. Baada ya maswali manne ambayo karani yeyote huuliza, bado kuna Katana Karisa thelathini na wawili.

Tukihesabu kila kupungua kwa nusu kuwa pointi moja, twahitaji pointi 18 kutoka 260,000 hadi mtu mmoja, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 18 hutoa 262,144. Maswali yale manne yametupa pointi 13. Jina la mama, likiwa la mtu 1 kati ya 50, laongeza pointi 5 na nusu, na hapo ndipo twafika ukingoni. Jina la mji, yaani wanakaa kwa mzee nani, likiwa moja kati ya miji 20,000, lina pointi 14 peke yake. Hakuna swali jingine lenye uzito huo.

Jinsia ina tabia ya pekee. Ikifanana haithibitishi kitu, ni pointi 1. Isipofanana hukanusha kwa nguvu, kwa sababu makarani hukosea jinsia mara chache kuliko wanavyokosea jina. Kwa hiyo pointi za kufanana na pointi za kutofautiana ziandikwe kila moja peke yake.

Hapa pana onyo ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa haraka. Kujumlisha pointi kunadai kwamba kila ushahidi unasimama peke yake. Mila yetu ya majina inavunja sharti hilo. Ukishajua kwamba mgonjwa anatoka mji wa mzee Katana Karisa, jina Katana si habari mpya tena. Ndani ya mji huo laweza kuwa la watatu. Basi mji ukishapatikana, punguza uzito wa majina, na uegemee jina la mama na mwaka wa kuzaliwa. Asiyezijua mila za majina hataiona kasoro hii kwenye msimbo wake, maana programu haitaonyesha kosa lolote. Itaunganisha babu na mjukuu kimyakimya.

Kuuliza angali dirishani

Sasa thamani ya kutafuta papo hapo yaonekana. Programu ikileta majina matano, karani humgeukia mama na kuuliza: "Mama, mwakaa kwa mzee nani? Na mama mzaa mtoto ni wewe au ni nani?" Majibu mawili, pointi karibu 20, kwa sekunde chache. Mwisho wa mwezi majibu hayo hayapo tena. Zimebaki herufi kwenye jedwali, na hakuna hesabu inayoweza kuzalisha ushahidi ambao haukukusanywa.

Mama pia ndiye anayejua yaliyobadilika. Bofa ina nyumba nyingi za kupanga na za wageni, na wapo wanaofanya kazi huko huku mji wao ukiwa Ganze au Magarini. Mtu wa namna hiyo hana anwani moja ya kudumu. Kwa hiyo jedwali la watu lisiwe na safu moja ya "makazi" inayofutwa na kuandikwa upya. Panahitajika jedwali la pili la vipindi: mtu huyu, mji huu, tangu tarehe hii hadi tarehe hii, na sababu ya kuanza na ya kuisha. Namba ya mtu isibebe maana yoyote ya kijiji wala ukoo, kwa kuwa kijiji hubadilika na namba haipaswi kubadilika. Iongezwe tarakimu ya ukaguzi. Kanuni ya Hans Peter Luhn hunasa kila kosa la tarakimu moja, na pia karibu kila mara tarakimu mbili jirani zinapobadilishana nafasi.

Vipindi hivyo ndivyo vinavyoipa hospitali nguvu ya kujibu maswali makubwa. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya Hib, bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, mwishoni mwa 2001, Kilifi iliweza kuonyesha ugonjwa wa Hib ukishuka kwa watoto chini ya miaka mitano kutoka wagonjwa 66 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka hadi 7.6. Sehemu ya juu ya hesabu hiyo ilitoka wodini, ya chini ilitoka nyumbani kwa watu. Mgonjwa asipounganishwa na mji wake huhesabiwa kuwa mgeni, na ugonjwa waonekana mdogo kuliko ulivyo. Chanjo ingeweza kusifiwa kwa kazi iliyofanywa na makosa ya tahajia.

Kosa la upande wa pili, kumpa mtoto historia ya mwingine, ni hatari zaidi kwake mwenyewe: chanjo asiyochomwa yaonekana amechomwa. Kwa hiyo weka mipaka miwili ya pointi: juu ya mmoja, unganisha; chini ya mwingine, kataa; kati yake, mtu aamue. Kila muungano uandikwe nani aliufanya na lini, na uweze kutenguliwa.

Mashine inayotosha

Watu 260,000, kila mmoja akichukua baiti 200, ni megabaiti 52. Hiyo inaingia yote kwenye kumbukumbu ya laptopu kuukuu au Raspberry Pi. SQLite yatosha, intaneti haihitajiki wakati wa kutafuta, na UPS ndogo itakuvusha stima ikipotea. Kumlinganisha mgonjwa mmoja na rejista yote ni ulinganishi 260,000, kazi ya muda mfupi sana. Kinachochosha mashine ni kutafuta waliorudiwa ndani ya rejista nzima: jozi karibu bilioni 34. Igawe kwa kata ndogo kwanza. Ukipata makundi 40 yanayolingana, jozi hushuka hadi milioni 845. Kisha rudia mgao kwa jina la mama, ili waliohama kata wasikuponyoke.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi nyeti. Jaribu programu yako kwa majina ya kubuni, na laptopu hiyo ifungwe kwa nywila na diski yake isimbwe.

Kwa kijana wa Kilifi au Malindi anayeanza mfumo wa zahanati yake, ushauri wangu ni huu. Kabla ya kuchagua lugha ya programu, kaa na mama mzee mmoja na umwombe akutajie wana na wajukuu wa mji wake, na kwa nini kila mmoja aliitwa alivyoitwa. Kisha weka safu za mji na za mama kwenye fomu ya kwanza kabisa, na uzifanye za lazima. Utaalamu wa kuutambua mji na watu wake uko hapa pwani tayari, midomoni mwa wenyeji. Kazi ya mwandishi wa programu ni kuhakikisha swali linaulizwa mwenye jibu akiwa bado amesimama mbele ya karani.