Ushanga wa Kabogo: Kifaa cha Ajabu baina ya Masimulizi na Mchezo wa Mezani

Mnamo Novemba 1871, siku chache kabla ya msafara wa Henry Morton Stanley kuingia Ujiji, ulisikika mngurumo wa mbali mfano wa radi. Stanley anaeleza katika kitabu chake cha 1872 kwamba aliuliza kama ni radi, akajibiwa kuwa ni Kabogo. Kiongozi wa njia, Asmani, alimfafanulia kuwa huo ni mlima ulio ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wenye mapango ambamo maji huingia kwa kishindo upepo unapovuma. Vyombo vingi vimepotea hapo. Kwa hiyo wapitao, Waarabu na wenyeji sawia, hutupa majini nguo za merikani na kaniki, na hasa shanga nyeupe, ili kumtuliza mulungu wa ziwa. Wanaotupa kwa kawaida hupita salama, wasiotupa huzama.

Maelezo hayo yametufikia kwa Kiingereza, na Kiswahili cha Asmani kimepotea isipokuwa maneno machache aliyoyaacha Stanley kama alivyoyasikia. Hata hivyo, yanatosha kuibua swali ambalo uhakiki wa masimulizi ya ajabu haujalipa uzito wake: nguvu ya kifaa cha ajabu hukaa wapi?

Ushanga ni mfano mzuri kwa sababu Ujiji ya wakati huo ilikuwa na ushanga mwingine usio na ajabu yoyote. Verney Lovett Cameron, aliyefika hapo mwaka 1874, anasimulia jinsi bei zote sokoni zilivyotajwa kwa sofi, shanga zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Soko lilipofunguka, wavunja fedha walikuja na mifuko ya sofi wakazibadilisha kwa shanga za aina nyingine walizoleta wanunuzi. Soko lilipofungwa, walizirudisha kutoka kwa wauzaji, na kupata faida kote kuwili. Sofi na ushanga mweupe wa Kabogo ni aina mbili tofauti, lakini zote zilifika ziwani katika mizigo ya misafara, na zote zilinunua vitu. Ule wa sokoni una thamani kwa sababu huhesabiwa na hurudi. Ule wa Kabogo una nguvu kwa sababu hautarudi. Kabla ya mkono kuuachia ni bidhaa tu; baada ya kuuachia hakuna tena wa kusema kuwa ni wake.

Tofauti hii hupotea pale kifaa cha ajabu kinapofanywa kipengele cha orodha. Vladimir Propp, katika utafiti wake wa ngano wa 1928, alikuwa mwangalifu: shujaa hapati kifaa mpaka akutane na mtoaji na ajaribiwe naye. Wengi waliomfuata walibakiza kifaa wakamsahau mtoaji, ndiyo maana tasnifu zetu nyingi kuhusu ngano hutaja pete, hirizi, ungo na mkeka urukao kama mtu anayekagua ghala.

Orodha ya aina hiyo imefikishwa mwisho wake na michezo ya kuigiza ya mezani, hasa Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyochapishwa Marekani mwaka 1974. Wachezaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akibeba mhusika wake. Mmoja wao husimulia ulimwengu, na dadu huamua mashaka. Ndani ya ulimwengu huo mna panga zinazoongeza moja au mbili katika hesabu ya dadu, na mfuko unaomeza zaidi ya ukubwa wake. Mwongozo wa msimulizi wa 1979 ulivipa vifaa hivyo bei kwa vipande vya dhahabu. Kwa lugha ya Ujiji, vyote vilikuwa sofi.

Sarufi ya Kiswahili inaukataa mpango huo mapema zaidi kuliko nadharia yoyote. Dawa haisimami peke yake: ni dawa ya mvua, dawa ya safari, dawa ya fulani. Kihusishi cha -a hudai mwenye nayo au kazi yake, na nyuma yake hufuata mwiko: usile hiki, usivuke kile, usigeuke nyuma. Hirizi huvaliwa na hufungwa. Humilikiwa pia, lakini anayesema tu kwamba "ana hirizi" bado hajasimulia lolote.

Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwanzoni mwa karne ya 20, unalithibitisha hilo kwa ukali. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Sindano hiyo haina sifa. Haikuzikwa kaburini wala hailindwi na joka; ni shaba tu. Inakuwa kifaa cha kuua siku Liyongo anapomfichulia mwanawe siri, na mwana anapokubali ahadi za mfalme. Mhakiki akiitia katika orodha ya vifaa vya ajabu atakuwa ameorodhesha kitu kimoja ambacho utendi haukukipa ajabu. Ajabu iko katika udugu uliovunjwa. Ndiyo maana maiti iliyopiga goti kisimani, upinde umevutwa, inaogopwa kuliko sindano.

Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) mambo yanageuka: maji yanakwisha kumponyoka aliyeyatoa. Kinjeketile anataka vita visubiri, lakini neno limekwishakuwa la watu, na mwishoni anakataa kutamka kwamba maji ni uongo. Anayedhani tamthilia hii inauliza kama maji yalizuia risasi ameisoma kama kanuni ya mchezo.

Hata hivyo, ingekuwa dhuluma kuuhukumu mchezo wa mezani kwa orodha zake pekee. Toleo la 2014 linataka mhusika ajifungamanishe na baadhi ya vifaa kabla ya kuvitumia, na si zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Lengo ni kusawazisha nguvu za wachezaji, si kurejesha miiko, lakini kanuni hiyo inakiri kwamba kumiliki hakutoshi. Isitoshe, mezani kuna jambo ambalo Kijumwa na Hussein hawakuweza kumpa msomaji: mtu halisi anayeweza kukataa. Msimulizi akisema mawimbi yamepanda mbele ya Kabogo, mchezaji ndiye anayeamua kuutupa ushanga au kuuweka kwa ajili ya soko la kesho, na wenziwe wanamtazama.

Taabu itaanza pale mtunzi wa mchezo huo atakapotaka kuandika kanuni yake. Atahitaji kusema ni shanga ngapi zinazotosha, na kila ushanga unapunguza hatari kwa kiasi gani. Asmani alitaja rangi. Hakutaja idadi.