Watazamaji wa Mdahalo: Kicheko, Ushabiki na Hukumu

Mdahalo wa wagombea Urais unaoonyeshwa katika televisheni umekwisha kuingia katika siasa za Afrika Mashariki, na kada hana budi kuuchambua. Katika baraza zetu, hapa Mpendae na kwingineko mjini, wanaouzungumzia hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema mdahalo ndio demokrasia yenyewe. Kundi la pili husema huo ni mchezo wa kuigiza uliotoka katika nchi za kibepari, na kwamba anayeutazama ni mtu wa kudanganywa tu. Makundi yote mawili yanakosea kwa sababu moja: hayakumchunguza mtazamaji mwenyewe. La kwanza linamfanya malaika, la pili linamfanya mjinga.

Tuchukue mfano wa majirani zetu. Tarehe 11 Februari 2013 Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa Urais, katika shule ya Brookhouse mjini Nairobi. Wagombea wote wanane walisimama mstari mmoja: Uhuru Kenyatta, Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Martha Karua, Peter Kenneth, James ole Kiyiapi, Paul Muite na Mohamed Abduba Dida. Vituo vya televisheni na redio viliurusha kwa pamoja, hata mtu aliyetaka kukimbilia kipindi kingine alikuwa hana pa kukimbilia. Mdahalo wa pili ulifanyika tarehe 25 Februari, na uchaguzi ukafuata tarehe 4 Machi. Katika midahalo hiyo miwili tunaweza kuona aina tatu za mwitikio wa watazamaji. Kila moja ina maana yake kisiasa.

Aina ya kwanza ni kicheko. Dida, aliyekuwa mwalimu, hakuwa na chama kikubwa wala fedha nyingi. Alijibu kwa mifano, kwa utani na kwa maneno ya dini, na kwa usiku mmoja akajulikana nchi nzima. Watu walimcheka, wakampenda, wakayarudia maneno yake kila pahala. Lakini masanduku yalipofunguliwa alikuwa na kura 52,848 tu, kati ya kura zaidi ya milioni 12. Wapo wanaosema, basi kicheko hakina maana. Hao wanakwenda haraka. Kwa kura hizo chache Dida aliwapita Karua, Kiyiapi na Muite, watu waliokuwa katika siasa au katika utumishi mkubwa wa umma miaka mingi. Kicheko, basi, kilikuwa na uzito wake. Mtu mnyonge humcheka mkubwa pale anapokosa njia nyingine ya kumwambia kwamba lugha yake ya kitaalamu haimfikii. Kada anayesikia kicheko hicho na kukidharau amekosa taarifa muhimu kuhusu hali ya wananchi.

Hata hivyo kicheko kina hatari yake. Katika mdahalo wa pili liliulizwa swali zito kuliko yote, yaani swali la ardhi. Kenyatta aliulizwa juu ya mashamba ya familia yake, naye akakiri kwamba huko Taveta peke yake familia ina ekari zipatazo 30,000. Odinga naye aliulizwa juu ya ardhi ya kiwanda cha molasi cha Kisumu. Hapo ndipo mdahalo ulipogusa mfupa: nani anamiliki, aliupataje umiliki huo, na nani hana pa kujenga banda. Katika dakika chache zile maswali hayo yaliulizwa, yakajibiwa nusu, yakapita. Mtazamaji aliyekwisha kuzoea kungoja utani unaofuata hakuwa na nafasi ya kulishika jibu hilo na kuliuliza zaidi. Mchekeshaji hakuwa na kosa. Tatizo lilikuwa katika mpango wa kipindi chenyewe, ambacho huipa ardhi ya taifa muda uleule unaopewa jambo dogo.

Aina ya pili ni ushabiki. Mwaka ule Kenyatta na mgombea mwenza wake, William Ruto, walikuwa wameshitakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Katika mdahalo wa kwanza Odinga alisema kwa kejeli kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Kenyatta alijibu kwamba hilo ni jambo lake binafsi, naye ataweza kulikabili. Kwa wafuasi wa upande mmoja, kejeli ile ilikuwa bao la ushindi. Kwa wafuasi wa upande wa pili, lilikuwa tusi la kulipizwa kisasi katika sanduku la kura. Maneno yaleyale yaliimarisha kila mtu pale alipokuwa amesimama. Hivi ndivyo anavyotazama shabiki wa Simba au wa Yanga: mpira anauona, lakini faulo ya timu yake haioni. Ushabiki wa namna hii hauzaliwi na televisheni. Unazaliwa na vyama vinavyowakusanya watu kwa kabila, kwa asili au kwa jina la mtu, bila ya kuwapa itikadi ya kupimia maneno. Televisheni huukuta umekwisha kukomaa.

Aina ya tatu, na ndiyo adimu, ni hukumu. Mtazamaji anayehukumu huuliza: huyu amesema nini, amesema nani atalipa gharama, na mwaka jana alitenda nini? Hukumu ya namna hii haiji yenyewe, na hata ikija yaweza kuporwa. Mfano mzuri unatoka Marekani. Tarehe 6 Oktoba 1976, katika mdahalo wa Rais Gerald Ford na Jimmy Carter, Ford alisema kwamba Ulaya ya Mashariki haikuwa chini ya utawala wa Urusi. Watazamaji walioulizwa usiku uleule, mara tu baada ya mdahalo, wengi walisema Ford ameshinda. Siku ya pili, baada ya magazeti na televisheni kulishika kosa lile na kulirudia tena na tena, wengi wa walioulizwa wakasema ameshinda Carter. Mdahalo ulikuwa uleule. Aliyebadilika ni mfasiri. Kosa la Ford lilikuwa la kweli, na wafasiri hawakusema uongo. Lakini tunajifunza kwamba mtu anayengoja mwingine amwambie alichokiona kwa macho yake hana hukumu yake mwenyewe. Leo akifasiriwa ukweli ataushika, na kesho akifasiriwa uongo ataushika vilevile.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania iliutangulia mdahalo wa Kenya. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Benjamin Mkapa, Augustino Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo walikutana katika mdahalo mjini Dar es Salaam. Hadi uchaguzi wa mwaka 1990 mgombea Urais alikuwa mmoja, na mpiga kura alijibu Ndiyo au Hapana. Wakati huo televisheni huko Bara ilikuwa na mwaka mmoja hivi, na ilikuwa chombo cha watu wa mjini, ingawa sisi Unguja tulikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mrema alikuwa akivuta umati mkubwa, hata gari lake likisukumwa na washabiki. Matokeo yalimpa Mkapa asilimia 61.8, Mrema asilimia 27.8. Umati wa barabarani ulikuwa jambo moja, na kura ya nchi nzima jambo jingine. Wagombea wakuu wetu hawakuogopa kusimama pamoja mwaka ule, na nchi haikuvunjika. Katika chaguzi zilizofuata mkutano wa namna ile wa wagombea wakuu wote haukurudiwa.

Wapo wanaotetea kutokwenda kwa hoja ya faida: aliye juu hapati kitu kwa kushindana na walio chini. Kenya imeipima hoja hiyo. Mwaka 2017 Kenyatta hakwenda, na Odinga akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 Ruto alikwenda, Odinga hakwenda, na Ruto ndiye aliyetangazwa mshindi. Kwa hiyo kwenda au kutokwenda hakuamui uchaguzi. Kinachobaki ni suala la msingi: je, anayeomba dhamana ya umma anawajibika kuulizwa hadharani? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi cha viongozi. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake Tujisahihishe cha mwaka 1962, alitufundisha kwamba ukweli haujali ukubwa wa msemaji. Chama kilicholelewa katika mafundisho hayo hakina sababu ya kuliogopa swali. Meza isiyo na mtu nayo hutazamwa, na mwananchi huipa tafsiri yake bila ya kutungoja sisi.

Kazi ya kada katika tawi, basi, ni kuwakusanya watu watazame pamoja, kisha wajadili kabla ya kusoma gazeti la kesho. Tunapendekeza maswali manne. Kwanza, jibu hili linamfaa nani: mkulima wa karafuu, mchukuzi wa bandarini, au mwenye hoteli? Pili, fedha zitatoka wapi? Tatu, ni swali gani halikuulizwa, na nani aliyepanga maswali? Nne, nani hayupo, na kwa nini? Maswali haya aulizwe mgombea wa Chama chetu kwa ukali uleule anaoulizwa wa chama kingine. Kada atakayemkinga wake atakuwa amefundisha ushabiki, hata kama darasa lake limeandikwa ubaoni kwa jina la elimu ya siasa.