Kongoni Palikuwa na Maji

Kituo cha maji cha Kongoni, katika safari yetu ya baiskeli ya jozi huko Naivasha, kilikuwa wazi. Mapipa yamejaa, ndizi zimekatwa, chumvi imewekwa kwenye visahani, na vijana wa kujaza chupa wamejipanga kando ya barabara mikono imenyooshwa. Jozi ile ya jezi za buluu ikakipita bila kugusa breki. Yote tuliyoyaona baadaye kwenye tambarare ya Ndabibi, kizunguzungu, miguu kukaza, kukaa chini ya mgunga huku jozi nyingine zikipita, yalizaliwa pale. Ulikuwa uamuzi mbovu, na ubovu wake unazidi kwa kuwa aliyeutoa ni mmoja na aliyeulipia ni mwingine.

Mliokuwepo mnakumbuka mpangilio. Mwenye nguvu mbele, rafiki yake nyuma yake, na hatua chache mbele yao kundi la watu 12 likielekea Ndabibi. Kabla ya kufika kituoni, yule wa nyuma aliinua chupa yake, akaitikisa, kisha akaigeuza kichwa chini. Halikutoka hata tone. Akaita: "Buda, maji yameisha!" Wa mbele hakugeuza shingo. "Tutakunywa Ndabibi, kundi linatoroka!" Akainuka kwenye pedali, akakaza, na mwenzake akamfuata. Simlaumu aliyefuata. Katika safari ya jozi, ambapo saa husimama baiskeli ya pili inapovuka utepe, aliye nyuma amekabidhi akili yake kwa aliye mbele. Ndiyo maana aliye mbele hana ruhusa ya kufikiri kwa ajili ya miguu yake peke yake.

Tufanye hesabu ambayo yeye hakuifanya. Kujibanza nyuma ya kundi kuna faida kubwa kwenye lami, kwa mwendo wa kilomita 35 au 40 kwa saa, kwa sababu ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Kwenye njia zile za mashamba, zenye vumbi laini la majivu ya volkano, kundi lilikuwa likienda karibu kilomita 18 kwa saa. Kwa mwendo huo ukinzani wa hewa ni robo tu ya ule wa kilomita 36. Kilichobaki kupigana nacho ni vumbi linaloshika tairi, na vumbi halipungui kwa kumfuata mtu. Kinyume chake, unalimeza lake na lako. Tena anayejibanza nyuma ya wengine hunyimwa upepo, na upepo ndio unaokausha jasho. Kwa hiyo jamaa alitoa maji akanunua vumbi na joto. Kusimama Kongoni kungemgharimu dakika 2. Kwa mwendo ule, dakika 2 ni mita 600, na kwenye tambarare wazi kama Ndabibi kundi lililo mita 600 mbele unaliona lote, vumbi lake na jezi zake, na unaweza kulifikia polepole ukiwa na chupa iliyojaa.

Kuna wanaosema Naivasha haina joto la kuogopwa. Kipimajoto kivulini kilikuwa chini ya nyuzi 30, wanasema, hii si Lodwar. Hoja hiyo nimeichoka. Kipimajoto husoma kivulini, mwendesha baiskeli hayuko kivulini. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, halifiki nyuzi moja kusini mwa ikweta, na mwezi wa Februari jua la saa sita linakuwa karibu utosini. Hewa ni kavu. Jasho linakauka kabla halijachuruzika, na mtu ambaye jezi yake haijalowa hudhani hatoki jasho. Pwani, Mombasa au Malindi, mwili unakuonya kwa kukumwagia maji machoni. Ndabibi hakukuonyi. Chumvi nyeupe kwenye mikanda ya kofia ndiyo ushahidi pekee, na siku ile ilikuwa inaonekana kwenye kofia ya yule wa nyuma tangu Kamere.

Misuli nayo ni tanuri. Katika nguvu yote inayochomwa mwilini, kama robo tu ndiyo inayofika kwenye pedali. Iliyobaki ni joto. Anayesukuma wati 150 kwenye pedali anazalisha joto la wati 450 au zaidi ndani ya mwili, na njia kuu ya kulitoa ni jasho likauke kwenye ngozi. Lita moja kwa saa ni kiasi cha kawaida kabisa. Chupa ya mililita 750 iliyoisha kabla ya Kongoni ilikuwa na deni tayari. Nusu njia kuelekea Ndabibi yule rafiki alianza kusokota usukani, akasema anahisi baridi. Baridi, jua likiwa utosini! Hiyo ni dalili ya kuzidiwa na joto, ambayo kila anayejiandikisha kwa safari ya kiangazi lazima aijue kama anavyojua namba yake. Wakasimama. Zile dakika 2 walizokataa Kongoni ziligeuka zaidi ya nusu saa chini ya mti, na maji waliyokunywa hatimaye yalitoka kwa mama mmoja wa dukani, kwenye jagi la plastiki.

Kabla ya hapo walifanya vizuri: walipunguza upepo wa tairi kwa ajili ya vumbi, na vilima vya kuelekea Kamere walivipanda kwa gia nyepesi bila papara.

Ila chupa moja moja! Nimelipigia kelele jambo hili mpaka wahariri wamenisihi niliache, na siliachi. Wanaondoa kishikio cha pili cha chupa ili baiskeli iwe nyepesi, kisha wanabeba saa, kifaa cha kupima wati na kamera. Na waandaaji wetu nao hawajapona ugonjwa wa hotuba. Safari iliyotangazwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi ikaanza karibu saa tatu, mgeni rasmi akisubiriwa. Saa hizo tatu za ubaridi ndizo zingewafikisha watu Ndabibi kabla ya jua kukaza. Mwaka 2019 kule Doha, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilisogezwa mpaka usiku wa manane kwa sababu ya joto, na bado kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Hapa kwetu tunafanya kinyume: tunaukuta ubaridi bure, tunautupa.

Zamani wakubwa walijua jozi ni nini. Watu wa Naivasha wanaoyaona magari ya Safari Rally yakipita Loldia wakumbuke Shekhar Mehta na msomaji ramani wake Mike Doughty, waliochukua Safari mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Dereva asiyemsikiliza aliye kando yake hashindi mara 4. Katika baiskeli, picha inayojulikana zaidi ya Tour de France ya 1952 ni ya Fausto Coppi na Gino Bartali, mahasimu wa miaka mingi, wakipeana chupa mlimani. Waitalia wamebishana miaka na miaka nani alimpa nani. Hao walikuwa wapinzani, na bado walipeana maji. Wa kwetu Suleiman Kangangi alimaliza wa tatu Tour du Rwanda mwaka 2017, na miaka yake ya mwisho akaitoa kuwavuta vijana wa Afrika Mashariki akiwa nahodha wa Team Amani, mpaka alipofariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Mwenye miguu yenye nguvu kuliko wenzake alitazama nyuma.

Wanaomtetea wa mbele wananiambia rafiki yake alikuwa mtu mzima, angeweza kubana breki mwenyewe. Angeweza. Lakini chupa iliyogeuzwa kichwa chini mbele ya kituo cha maji ni ombi tosha.

Waandaaji, mwakani fanyeni mambo mawili. Anzeni saa kumi na mbili, mgeni rasmi azungumze mwishoni wakati wa kutoa medali. Na Kongoni pawe kituo cha lazima: jozi ifike pamoja, igongewe muhuri pamoja, isiondoke mpaka chupa zote nne, mbili kwa kila mtu, zimejaa.